Tunaogopa Soya, Tunasahau Sufuria

 

Msikilizaji wa Tarime na Serengeti, leo ninajibu swali ambalo limekuwa likija kwa sura nyingi. Kinamama wanauliza kama ni kweli uji wenye soya unampunguzia mtoto wa kiume nguvu zake za baadaye. Vijana wanauliza kama kahawa ya soya inaotesha matiti. Mzee mmoja alinisimamisha nje ya mashine ya kusaga akaniuliza kwa sauti ya mtu anayedai deni: "Mwanangu, hiyo soya mnayotuhimiza redioni, nyinyi wenyewe mnaila?" Nikamwamkia kwanza, kisha nikamwambia naila. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Mtu kula kitu si ushahidi kwamba hakidhuru. Wavuta sigara nao wanavuta kila siku.

Basi niruhusu nianzie mbali kidogo na soya, kwenye chakula kingine na mwaka mwingine, kwa sababu Tarime ni miongoni mwa sehemu chache duniani zilizojifunza kwa miguu ya watu wake jinsi chakula cha kawaida kinavyoweza kudhuru.

Mwaka ni 1985. Tarime ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Rorya ilikuwa haijamegwa, hilo lilikuja 2007, na Hospitali ya Shirati ilihesabiwa humuhumu. Ukame ulikuwa umepiga. Mahindi yalikauka, mtama ukawa haba, na kilichobaki ardhini kikiwa hai ni muhogo mchungu, ule usioogopa jua wala nyani. Watu wakaula. Kisha wakaanza kutokea wagonjwa ambao hakuna aliyewaelewa. Mtu analala mzima, anaamka miguu haimtii. Mwingine anarudi kutoka safari ndefu ya miguu au kazi nzito ya shamba, anahisi mapaja yanatetemeka, na kabla siku hazijapita nyingi miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanasuguana, anatembelea ncha za vidole kwa fimbo au hawezi kusimama kabisa. Wengi walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Na ugonjwa ukishaingia, hauongezeki, lakini pia hauondoki. Aliyelemaa mwaka ule alibaki hivyo.

Unaweza kukisia maneno yaliyosemwa vijijini. Uchawi, laana, polio ya aina mpya. Waliokuja kuuchunguza walikuwa daktari wa mishipa ya fahamu William Howlett, Glen Brubaker wa Shirati, Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Msweden Hans Rosling, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameshughulika na wagonjwa kama hao kaskazini mwa Msumbiji. Huyo Rosling ndiye aliyekuja kujulikana dunia nzima baadaye kwa kuonyesha takwimu za afya na umaskini jukwaani. Walichapisha waliyoyaona Tarime katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1990. Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo, na madaktari waliokuwa wakifanya kazi Kongo walishauandika tangu miaka ya 1930.

Sababu yake ndiyo ninayotaka uishike, kwa kuwa ndiyo itakayotuongoza kwenye soya. Muhogo mchungu una kitu ambacho kikikutana na kimeng'enya chake, pale unapopondwa, unapokunwa au unapoloweshwa, hutoa sianidi. Ukivundikwa vizuri na kuanikwa vizuri, sianidi hiyo inapotea hewani kama moshi usioonekana. Wazee wetu hawakuwa na maabara, ila walijua siku ngapi udaga ulale na siku ngapi uanikwe. Njaa ndiyo iliyofupisha siku hizo. Mama ana watoto wanaolia leo, hawezi kungoja juma zima. Hilo la kwanza.

La pili ni kwamba mwili wenyewe unajua kujitetea. Sianidi kidogo ikiingia, mwili unaibadilisha kuwa kitu chepesi zaidi na kuitoa kwa mkojo. Lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini nzuri: samaki, nyama, maziwa, mayai. Mwaka wa ukame ng'ombe wamekonda, maziwa yamekatika, dagaa hawanunuliki. Sahani inabaki na ugali wa muhogo na majani. Kwa hiyo sumu iliongezeka wakati uleule silaha ya kupambana nayo ilipopungua.

Hakuna aliyesema muhogo upigwe marufuku. Ingekuwa upuuzi, maana bila muhogo ule watu wangekufa njaa. Kilichodhuru ni mambo mawili yaliyokutana: maandalizi yaliyokatwa katikati, na chakula kimoja kilichobaki peke yake sahanini siku baada ya siku. Mimi nikisikia chakula kinashutumiwa, chochote kile, nauliza hayo mawili kabla ya jingine lolote. Sasa tuipeleke soya kwenye mizani hiyo.

Soya si ngeni sana nchini kama wengi wanavyodhani. Wajerumani waliijaribu katika kituo chao cha utafiti cha Amani, kule Tanga, mwaka 1907. Leo wakulima wanaoijua zaidi wako Ruvuma na nyanda za juu kusini. Huku kwetu wengi tunakutana nayo dukani na sokoni kuliko shambani: imo ndani ya unga wa lishe, imo kwenye pakiti za nyama ya soya, imo kwenye kopo la kahawa ya soya kwa wale walioambiwa na daktari waache kahawa. Sifa yake ni ya kweli. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje kavu ni protini, na maharage yetu ya kawaida hayafiki hapo.

Lakini soya mbichi ina ulinzi wake, kama muhogo ulivyo na wake. Ndani ya punje kuna protini zinazokizuia kimeng'enya cha kongosho kisifanye kazi ya kuvunja protini tumboni. Jambo hili si uvumi. Mwaka 1917 watafiti wa Kimarekani Osborne na Mendel waliona kwamba panya waliolishwa soya mbichi walidumaa, na wale waliolishwa soya iliyopikwa walikua vizuri. Soya ileile, tofauti ni moto tu. Wewe unayefuga kuku pale Bomani unaweza kuyaona haya bila kitabu chochote: saga soya mbichi uwape vifaranga, watakula wajaze gole, na hawatakua. Ukimchinja mmoja utakuta kongosho limevimba kwa kuhangaika.

Kwa hiyo, mama unayetengeneza unga wa mtoto, nisikilize hapa polepole. Soya haikaangwi kavu peke yake kisha ikapelekwa mashineni. Ndivyo wengi wanavyofanya, na nimewaona hata wauzaji wakifanya hivyo. Kikaango kinadanganya: punje inapata rangi nzuri ya kahawia nje, harufu inapendeza, na ndani bado haijaiva. Moto wa maji ndio unaovunja vile vizuizi vizuri zaidi. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka sufuria ya maji mengine mafigani mpaka yatokote kwelikweli, ndipo umimine soya. Povu litapanda, kaa karibu, maana soya ina tabia ya kufurika na kuzima moto. Baada ya muda maganda yataanza kuachia yenyewe na kuelea. Yatoe kwa kusugua kwenye maji baridi kama unavyomenya karanga zilizoloweshwa. Kama bado unasikia ile harufu ya maharage mabichi, rudisha jikoni.

Wataalamu husema dakika 20 hadi 30 za kutokota zinatosha kwa punje zilizoloweshwa. Lakini hao wengi wanahesabu kwa maji ya pwani. Tarime ya juu iko mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage yanatuchelewesha huku. Ongeza muda. Kuni utakazochoma zaidi ni gharama, najua, na anayekuambia soya ni chakula rahisi anahesabu bei ya sado ya soya, anasahau bei ya mzigo wa kuni. Baada ya hapo anika, kausha kabisa, kaanga kidogo kwa ajili ya ladha, ndipo usage.

Sasa lile la homoni, ambalo naona ndilo linalowanyima watu usingizi.

Soya ina vitu vinavyoitwa isoflavoni, na umbo lake linafanana kwa mbali na homoni ya kike. Hofu hii ina historia, na kwa jamii ya wafugaji kama sisi inaeleweka. Katika miaka ya 1940, wafugaji wa Australia Magharibi walishangaa kondoo wao majike hawashiki mimba, na walioshika walikuwa na matatizo ya uzazi. Ikagundulika ni malisho: aina ya majani ya jamii ya kunde yaliyojaa isoflavoni, na kondoo hao walikuwa wakila hayo tu, asubuhi hadi jioni, msimu mzima. Unaona? Ni lile la pili, la chakula kimoja kilichobaki peke yake.

Kwa binadamu pia kuna kisa kilichoandikwa na madaktari Marekani mwaka 2008: mwanamume wa miaka 60 aliyevimba matiti. Walipomhoji, ikabainika alikuwa anakunywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, homoni zikarudi mahali pake na maumivu yakaisha. Lita 3! Hata maziwa ya ng'ombe kwa kiasi hicho yangemtafutia jambo. Kwa watu wanaokula soya kama watu, mambo ni tofauti. Mwaka 2021 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 41 zilizofanywa kwa wanaume, wakatazama homoni zao za kiume kabla na baada ya kula soya, hawakukuta badiliko la maana. Kijana, kikombe chako cha kahawa ya soya hakina kesi.

Na wanawake? Wengi wanaogopa saratani ya matiti, kwa hoja kwamba kitu kinachofanana na homoni ya kike kitaichochea. Hoja ina mantiki, ila ushahidi haukuifuata. Huko Shanghai, China, walifuatiliwa wanawake zaidi ya 5,000 waliokuwa tayari wameugua saratani hiyo, na matokeo yalichapishwa 2009. Waliokula soya zaidi hawakufa zaidi wala hawakurudiwa zaidi na ugonjwa. Walikuwa na nafuu. Sisemi soya ni dawa, tusije tukaiona kesho inauzwa mnadani Mugumu kwenye chupa zenye lebo ya maajabu. Nasema hofu hiyo haikuthibitika. Vidonge vilivyokamuliwa isoflavoni tupu ni suala jingine. Hivyo si chakula, na aliyewahi kuugua saratani asivimeze bila daktari wake.

Hatari iliyo ya kweli zaidi kwetu ni shingoni. Soya inaweza kuibana tezi ya shingo pale ambapo mtu hapati madini joto ya kutosha. Marekani walilijua hili kwa watoto: maziwa ya kopo ya soya ya miaka ya 1950 yaliwasababishia baadhi ya watoto goita, mpaka watengenezaji walipoanza kuyatia madini joto. Muhogo nao una mchezo huohuo, kwa sababu kile ambacho mwili unaigeuza sianidi kuwa ndicho kinachoibania tezi isichukue madini joto. Nyumba inayokula muhogo mchana, uji wa soya asubuhi, na chumvi ya mawe isiyo na madini joto, imejipanga vibaya bila kujua. Tiba yake ni nyepesi kuliko ugonjwa: nunua chumvi ya pakiti yenye madini joto, ifunike, usiiache juani wala karibu na mafiga. Na wewe unayemeza vidonge vya tezi, usivimeze pamoja na uji wa soya wala maziwa yake, maana dawa haitaingia vizuri. Pisha saa kadhaa.

Kuna pia watu wachache ambao soya inawaletea mzio, wanavimba midomo, wanawashwa, wanabanwa kifua. Hao wasiijaribu tena, na wakibanwa kifua waende hospitali hapohapo.

Turudi kwenye unga wa lishe, kwa sababu hapo ndipo soya inapokula na watoto wetu. Naona siku hizi mashindano: nani ana unga wenye vitu vingi zaidi. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, karanga, soya, mbegu za maboga, ubuyu, na mmoja alikuwa ametia hata dagaa. Mama anaona amenunua afya yote kwenye kilo moja. Maafisa lishe wamekuwa wakipinga jambo hili kwa miaka, na mimi niko upande wao. Kila punje ina muda wake wa kuiva, na uji unaiva kwa muda mmoja. Zaidi ya hapo, soya na nafaka zina kitu kinachoyashikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, kwa hiyo ukirundika kunde na nafaka nyingi mtoto anashiba huku damu inapungua.

Na kuna sumukuvu. Soya yenyewe haishambuliwi nayo sana. Wanaoileta ni wenzake wawili ndani ya pakiti, mahindi na karanga. Katikati ya mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 20 wakafariki. Jirani zetu Kenya walikuwa wameshazika watu 125 kwa sababu hiyohiyo mwaka 2004. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, haiondoki kwa kuchemsha, na ikishasagwa huioni. Halafu mtoto akidhoofika, lawama inaangukia soya, kwa kuwa ndiyo yenye jina geni. Mimi ningeomba tuziogope zaidi zile punje za karanga zilizosinyaa, nyeusi pembeni, zinazouzwa bei ya chini kwa ajili ya unga, kuliko homoni za soya.

Kwa kichanga ambaye hajatimiza miezi 6, hakuna mjadala: maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya soya ya kupika nyumbani si mbadala. Mwaka 2003 kule Israeli hata maziwa ya kopo ya soya, yaliyotengenezwa Ujerumani kiwandani na kampuni kubwa, yalikosa vitamini B1. Watoto walikufa, wengine wakabaki na ulemavu wa ubongo. Kosa halikuwa la soya, lilikuwa la waliopunguza kitu kwenye mchanganyiko. Lakini lilionekana haraka na kwa ukatili kwa sababu wale watoto hawakuwa na chakula kingine chochote.

Mzee wangu wa pale mashineni, kama unanisikia, hili ni lako. Uliniuliza baadaye kama soya ingewasaidia watu wa mwaka 1985. Kidogo. Protini ya soya ni nyingi, ila ni maskini kwa zile sehemu zenye salfa ambazo mwili ulizihitaji kupambana na sianidi. Inaoana vizuri na ulezi, mahindi na mtama, kwa sababu nafaka inacho kile ambacho soya inakosa. Lakini kwa mtu anayekula ugali wa muhogo mchungu, kiganja cha dagaa wa ziwani kinamfaa kuliko kikombe cha soya. Na kama mwaka huu mvua zikikataa, au tembo wakivuka kutoka hifadhini wakala mahindi yenu kule Serengeti mkabaki na muhogo, iko njia iliyofanyiwa kazi baadaye Mtwara, ambako konzo nayo ilirudi. Chukua unga wa muhogo ulioshasagwa, uchanganye na maji mpaka ulowe, uutandaze kwenye sinia au mkeka safi, mwembamba, unene wa sentimita 1 tu. Uache kivulini muda wa saa 5, au juani saa 2. Sianidi nyingi iliyobaki itatoka. Kisha songa ugali wako siku hiyohiyo, maana unga ulioloweshwa hauwekwi mpaka kesho.